Mahindi, Ukungu na Ini: Safari Ndefu ya Kumtafuta Mkosaji

Kwa takriban miaka 20 madaktari wa Afrika Mashariki waliamini kwamba saratani ya ini huanzia kwenye bakuli la mtoto. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji pekee, walisema, hukosa protini. Ini lake hujaa mafuta, mafuta yakikaa ini hufanya makovu, na miaka 30 baadaye makovu hayo huzaa uvimbe unaomuua mwanamume akiwa bado na nguvu za kulima. Maelezo hayo yalipangika vizuri, yalikuwa na huruma ndani yake, na walioyatoa walikuwa watu waliowaona wagonjwa kwa macho yao mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo hayakuwa kweli. Namna yalivyobomolewa, na yale yaliyogunduliwa baadaye juu ya seli za ini na jinsi zinavyojichukulia chakula kutoka kwenye damu, ni historia inayoihusu Kakamega, huku magharibi mwa Kenya, moja kwa moja, kwa maana hapa mahindi ndiyo chakula. Mtu aliyekula wali na chapati huku kwetu bado atakwambia hajala.

Lakini mahindi si mwenyeji wa kale wa Kakamega. Wazee wa Kiluhya walikula wimbi na mtama, na ugali wao ulikuwa mweusi. Mahindi yalisambaa kwa nguvu wakati wa ukoloni, hasa baada ya John Ainsworth kuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza mwaka wa 1907 na kuhimiza ugawaji wa mbegu. Wakulima waliyapenda kwa sababu zao wenyewe. Punje zake zimefunikwa kwa maganda, kwa hivyo watoto hawakulazimika kushinda shambani wakifukuza ndege kama walivyofanya kwenye mtama. Tena yalikuwa na soko. Mwaka wa 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, mkulima kutoka upande wa Eldoret, alipata dhahabu Kakamega, na kabla mwaka wa 1932 haujaisha mji huu mdogo ulijaa wachimbaji wa Kizungu na maelfu ya vibarua wa Kiafrika. Vibarua walilishwa posho. Unga wa mahindi ulitafutwa kote kuzunguka machimbo ya Rosterman, na familia ambazo hazikuwahi kuuza nafaka zikaanza kuuza. Mwaka wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya 611, na mkoa wote wa Magharibi ukayapokea kwa mikono miwili. Wimbi likabaki la uji wa mzazi na la kutengenezea kimea cha busaa.

Badiliko hilo lilikuwa na gharama ambayo haikuonekana kwa macho. Protini zote zimeundwa kwa asidi amino, aina 20, na 9 kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana protini, karibu asilimia 9 ya uzito wake, ila yamepungukiwa na mbili kati ya zile za lazima: lisini na triptofani. Mwaka wa 1964, katika Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson walitangaza kwamba wamepata mahindi yenye jeni inayozidisha lisini. Ilichukua miongo mingine mitatu Surinder Vasal na Evangelina Villegas kule Meksiko kuyafanya yawe mahindi ambayo mkulima anaweza kuyakubali, kazi iliyowapa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 2000. Jiko la Kakamega, kwa upande wake, lilikuwa limekwisha kulitatua tatizo hilo bila maabara. Maharage yana lisini ya kutosha. Omena wanayo, kumbikumbi wanayo, kuku anayo, na majani ya kunde yanayopikwa pamoja na mrenda yanaongeza. Ugali na mboga hizo ni mlo kamili. Hatari ilimpata yule mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mama yake ameshika mimba nyingine, ameondolewa ziwani, na anachopewa kutwa nzima ni uji mweupe.

Mtoto huyo ndiye aliyeelezwa na Cicely Williams, daktari wa Kijamaika aliyefanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo. Mwaka wa 1933 aliandika juu ya watoto waliovimba miguu, ngozi ikababuka na nywele zikapoteza weusi wake, wote wakiwa wamelelewa kwa mahindi. Miaka miwili baadaye alilitumia jina ambalo wenyeji waliuita ugonjwa huo, kwashakoo. Huku Afrika Mashariki aliyeushughulikia zaidi ya wote alikuwa Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka wa 1929 na kuhamia hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka wa 1935. Mwanzoni Trowell aliudhani kuwa aina ya pelagra. Aliwajaribia watoto vitamini, na watoto waliendelea kufa. Mwenzake wa chumba cha maiti, J. N. P. Davies, alipowafanyia uchunguzi aliona kongosho limesinyaa na ini limekuwa kubwa, la manjano, limejaa mafuta.

Ini hilo la manjano ndilo lililowapeleka wataalamu njia isiyokuwa yenyewe. Chumba hicho hicho cha maiti kilipokea pia wanaume wa umri wa miaka 30 na 40 waliokufa kwa saratani ya ini, ugonjwa uliokuwa nadra sana Ulaya. Johannesburg, Charles Berman alikuwa ameuona ukiwaua vijana wa machimbo ya dhahabu, hasa waliotoka Msumbiji, na mwaka wa 1951 akauandikia kitabu kizima. Karibu kila mara ini lenye saratani lilikuwa pia na makovu. Basi daktari aliyeona ini la mtoto lenye mafuta asubuhi, na ini la baba lenye makovu na uvimbe jioni, aliviunganisha. Nadhani yeyote kati yetu angeviunganisha. Mwaka wa 1952 John Brock na Marcel Autret walichapisha ripoti ya ziara yao barani Afrika kwa niaba ya mashirika ya afya na chakula ya Umoja wa Mataifa, wakaitaja kwashakoo kuwa ugonjwa mzito na ulioenea kuliko yote ya lishe. Kutoka hapo ukosefu wa protini ukawa jibu la maswali mengi, likiwemo la saratani.

Ili kuelewa kwa nini jibu hilo lilivutia, ni lazima kuelewa kazi ya ini. Chakula kikishasagwa tumboni, asidi amino huingia kwenye damu ya utumbo, na damu hiyo haiendi moyoni moja kwa moja. Hupitishwa kwanza kwenye ini kwa mshipa wake maalum. Seli za ini huchukua sehemu kubwa ya asidi amino hizo. Nyingine huzitumia kuunda albumini, protini inayoyazuia maji ya damu yasivuje na kujaa miguuni. Nyingine huzivunja kuwa sukari wakati wa njaa. Na naitrojeni inayobaki, ambayo ni sumu kwa ubongo, huigeuza kuwa urea inayotolewa kwa mkojo. Ini likinyimwa malighafi, albumini hushuka, na mafuta yanayohitaji protini ya kuyabeba hayapati wa kuyatoa.

Kampala ndiko upungufu huo ulikopimwa kwa uangalifu. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifungua kitengo chake cha lishe ya watoto pale Mulago chini ya Rex Dean, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanakemia Roger Whitehead alibuni kipimo kilichohitaji damu kidogo tu ya kidoleni. Damu ilitiwa kwenye karatasi maalum, asidi amino zikatengana juu ya karatasi kulingana na aina, kisha makundi mawili yakalinganishwa: glisini, serini, glutamini na taurini upande mmoja, valini, leusini, isoleusini na metionini upande wa pili. Kwa mtoto mwenye afya makundi hayo yalikaa karibu. Kwa mwenye kwashakoo kundi la pili liliporomoka huku la kwanza likisimama, na uwiano ukapanda mara mbili na zaidi. Jambo lililomshtua Whitehead, na linalonigusa mimi kila nikilifikiria, ni kwamba uwiano huo ulikuwa umeshaanza kupanda kwa watoto waliokuwa wakicheza kijijini na ambao hakuna mtu aliyewaona kuwa wagonjwa.

Lakini swali la saratani lilihitaji kipimo cha namna nyingine: muda. Kufikia miaka ya 1960 watoto wa kwanza kutibiwa Mulago walikuwa wamekua. Mwaka wa 1967 G. C. Cook na Michael Hutt, profesa wa patholojia wa Makerere, walichapisha matokeo ya kuwatafuta waliowahi kuugua kwashakoo na kuyachunguza maini yao. Mafuta yalikuwa yametoweka. Makovu yaliyotabiriwa hayakuwepo. Ini lililoteswa utotoni kwa kukosa asidi amino lilikuwa limepona lilipopata chakula. Mlolongo mzima, kutoka bakuli la uji hadi uvimbe wa mtu mzima, ulikatikia hapo. Mwaka wa 1974 Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba hata imani ya kuwa protini peke yake ndiyo chanzo cha utapiamlo ilikuwa imetiwa chumvi.

Wakati huo huo mkosaji mwingine alikuwa tayari amejitokeza, na alijitokeza kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka wa 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza katika muda wa miezi michache. Walipopasuliwa, maini yao yalikuwa yameharibika. Chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazili. Kenya nayo ilipoteza maelfu ya vifaranga vya bata mwaka huo huo kwa chakula chenye karanga. Wachunguzi wa Kiingereza walipata sampuli za karanga za Uganda zilizoota ukungu, na kutoka kwazo wakatenga kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Sumu yake, aflatoksini, ambayo wengi sasa huiita sumukuvu, iliwapa panya saratani ya ini katika majaribio ya mwaka wa 1961. Ikumbukwe kwamba karanga na mahindi ndivyo vyakula ambavyo wataalamu wa lishe walivitazama kwa jicho la protini. Hakuna aliyekuwa ameutazama ukungu.

Makerere ililichukua swali hilo mara moja. Hutt na wenzake wa Marekani walikusanya sampuli 480 za vyakula kutoka wilaya mbalimbali za Uganda katika miaka ya 1966 na 1967, na karibu asilimia 30 zilikuwa na sumukuvu. Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi kuliko kwingine, ndiko pia chakula kilikochafuka zaidi. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka wa 1971, ulipima nafaka zilizo ghalani na sokoni. Hatua iliyofuata ilipigwa Kenya, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora kuliko zote za wakati huo.

F. G. Peers na Allen Linsell, aliyekuwa Nairobi chini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, walichagua wilaya ya Murang'a kwa sababu inapanda kutoka nyanda za joto hadi kwenye baridi ya milima ya Aberdare. Hawakutosheka na ghala. Waliingia majumbani wakachukua sehemu ya chakula kilichokwisha kupikwa, kile hasa ambacho familia ilikuwa karibu kukila, pamoja na pombe ya kienyeji, wakarudia tena na tena kwa misimu tofauti. Kisha wakahesabu wagonjwa wa saratani ya ini wa kila ukanda. Ukanda wa juu mtu mzima alikula nanogramu 3.5 hivi za sumukuvu kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na saratani ya ini ilikuwa takriban wagonjwa 1.2 kwa watu 100,000 kwa mwaka. Ukanda wa kati ilikuwa nanogramu 5.9 na wagonjwa 2.5. Ukanda wa chini nanogramu 10 na wagonjwa 4. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, lakini ngazi ilikuwa wazi, na ilikuwa imejengwa kwa chakula cha watu wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1973.

Kiasi hicho kidogo kinachoua kwa miaka mingi ndicho kigumu kuaminika. Kiasi kikubwa kinachoua kwa siku chache hakihitaji takwimu. Mwaka wa 1981 wilayani Machakos watu 20 walifika hospitalini wakiwa na macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, na 12 walikufa. Kabla yao njiwa na mbwa wa boma zile zile walikuwa wamekufa. Mwaka wa 2004 maafa yalirudi Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, yakawa miongoni mwa makubwa zaidi ya sumu hiyo yaliyowahi kurekodiwa duniani: wagonjwa 317, vifo 125. Zaidi ya nusu ya mahindi yaliyopimwa sokoni yalipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 katika bilioni.

Kakamega si Makueni. Kuvu wa sumukuvu hupenda joto na mahindi yaliyoteswa na ukame, na sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu unaotawala mahindi ya Magharibi ni wa jamii nyingine, Fuzariamu, wenye sumu yake yenyewe. Ila usalama huo una mipaka miwili. Mavuno makubwa hutokea Agosti na Septemba, mvua ikiwa bado inanyesha karibu kila alasiri, na mahindi huanikwa kwenye turubai, kwenye ua, hata kando ya lami, yakikimbizwa ndani kila wingu likitanda. Na akiba ikiisha kabla ya mavuno mapya, familia hununua gunia lililotoka kwingine bila kujua lilivunwa wapi wala lililala katika ghala gani. Karanga tunazozitia kwenye mboga nazo mara nyingi hutoka kwenye joto la upande wa ziwa.

Maafisa wa kilimo hufundisha kipimo ambacho kila nyumba inaweza kukifanya. Chupa ya kioo iliyokauka kabisa hutiwa chumvi kavu kidogo na konzi chache za punje, hufungwa, hutikiswa kwa dakika moja, kisha huachwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kutiwa kwenye gunia. Ghala linataka 13.5. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni hatima ya punje zilizochambuliwa. Wakati wa kupukuchua, mama huweka kando mahindi yaliyooza, na mara nyingi hayatupwi. Huenda kwa kuku, au husagwa, yakakaangwa na kuwa busaa. Kuchacha hakuimalizi sumukuvu, wala moto wa jikoni. Peers na Linsell hawakuwa wakipoteza wakati walipobeba pombe pamoja na ugali.

Bado sumukuvu haikueleza kila kitu, maana wapo walioila maisha yao yote wasipate saratani. Mwenzake alipatikana kwenye damu. Mwaka wa 1965 Baruch Blumberg alitangaza protini ngeni aliyoiona katika damu ya mzaliwa wa asili wa Australia, na baadaye ikathibitika kuwa gamba la virusi vya homa ya ini B. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976. Mwaka huo huo, huko Afrika Kusini, Jennifer Alexander na wenzake waliripoti kwamba wamefaulu kuotesha maabarani seli za saratani ya ini za kijana mmoja wa Msumbiji, na kwamba seli hizo zilikuwa zikitema gamba hilo la virusi peke yake, zikiwa ndani ya chupa. Zinaitwa PLC/PRF/5. Kijana huyo hakuishi, ila seli zake zinaendelea kuoteshwa katika maabara za dunia nzima hadi leo. Mara nyingi tunasoma kazi iliyotoka katika seli hizo bila kumkumbuka aliyezitoa.

Mwaka wa 1991 alama ya sumukuvu yenyewe ilionekana ndani ya uvimbe. Ini, likijaribu kuisafisha sumu hiyo, huigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye vinasaba. Katika saratani nyingi za ini za Qidong, Uchina, na za kusini mwa Afrika, jeni ya p53, inayozuia seli isigawanyike ovyo, ilikuwa imebadilishwa mahali pale pale, nafasi ya 249, herufi G ikawa T. Mwaka uliofuata utafiti wa wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai ulionyesha kwamba mwenye sumukuvu mwilini na virusi kwa pamoja alikuwa katika hatari ya takriban mara 60 kuliko asiye na chochote. Kila mkosaji peke yake hakufika hata karibu na hapo.

Kwa hiyo asidi amino ziliachiliwa kama chanzo cha saratani. Zilirudi kwenye historia hii kwa mlango mwingine, na safari hii swali liligeuzwa. Halikuwa tena kwamba ini lilikosa nini. Lilikuwa kwamba seli ikishakuwa saratani hula vipi.

Mizizi ya swali hilo ni ya zamani. Mwaka wa 1913 Donald Van Slyke na Gustave Meyer, New York, waliingiza asidi amino katika damu ya mbwa na kuona zinatoweka kwenye damu upesi, zikirundikana ndani ya viungo, ini likiwa mbele. Seli basi huzivuta hadi ziwe nyingi ndani kuliko nje, na kuvuta hivyo kunahitaji nguvu. Halvor Christensen wa Michigan aliutumia umri wake wote kutafuta mashine ya kazi hiyo. Mwaka wa 1963, akiwa na Dale Oxender, alionyesha kwa seli za saratani ya panya kwamba utando wa seli una njia zaidi ya moja: mfumo A, unaopendelea alanini na jamaa zake na unaoendeshwa na chumvi ya sodiamu, na mfumo L, wa leusini na wenzake. Mwaka wa 1969 Michael Berry na Daniel Friend waliweza kulitenganisha ini la panya kuwa seli mojamoja zilizo hai kwa kutumia kimeng'enya, na sasa seli nzima ya kawaida iliweza kuwekwa kando ya seli ya saratani na kulinganishwa.

Mwaka wa 1980 Michael Kilberg, Mary Handlogten na Christensen walipata katika seli za kawaida za ini njia ambayo karibu haionekani kwingine: mfumo N, unaochukua glutamini, histidini na asparajini tu. Una sifa moja muhimu. Hufanya kazi pande zote mbili. Ini lenye afya huchukua glutamini mwili ukiwa na ziada, na mwili ukihitaji, kwa mfano damu inapokuwa na asidi nyingi, huirudisha kwenye damu. Ni kiungo kinachopokea na kutoa kwa ajili ya vingine vyote.

Seli ya saratani huacha desturi hiyo. Katika miaka ya 1990 Barrie Bode, Wiley Souba na wenzao walipima glutamini katika seli za ini la binadamu, za kawaida na za saratani zilizooteshwa maabarani. Zile za saratani ziliivuta kwa kasi iliyozidi ya kawaida mara kadhaa, mara nyingine zaidi ya mara 10, na hazikupitia mfumo N. Zilikuwa zimefungua njia nyingine iitwayo ASCT2, ambayo seli ya ini iliyokomaa haiitegemei. Glutamini ikiingia hutoa naitrojeni ya kuundia vinasaba vipya na kaboni ya kuunguza. Sehemu yake hutolewa tena nje kupitia njia ya LAT1 ili kubadilishana na leusini, na leusini ikiingia huamsha mfumo wa mTOR unaoiambia seli ikue. Mwaka wa 2004 kikundi cha Bode kilizima ASCT2 katika seli za saratani ya ini, na seli zikafa. Jambo hilo lilileta matumaini makubwa. Baadaye, mwaka wa 2016, Stefan Bröer na wenzake huko Australia walionyesha kwa seli za saratani nyingine kwamba njia hiyo ikifungwa seli inaweza kuzidisha njia za jamaa na kuendelea kula. Dawa ya kuziba mlango mmoja, basi, haitoshi.

Habari hizi zimefika vijijini zikiwa zimepinda. Wapo wanaomkataza mgonjwa wa ini nyama, mayai, maharage, kwa hoja kwamba protini inalisha uvimbe. Inaniuma kulisikia. Uvimbe haungoji sahani; mgonjwa asipokula, glutamini hutoka kwenye misuli yake mwenyewe, na anayedhoofika ni yeye. Miongozo ya lishe ya Ulaya kwa wagonjwa wa ini lenye makovu hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambayo ni zaidi ya mahitaji ya mtu mzima. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 72 hadi 90. Mayai, omena na maharage vinaweza kuzifikia bila ng'ombe kuchinjwa.

Kuhusu virusi, mwenzake wa sumukuvu, Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwezi wa Novemba 2001, ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wenye mashamba na familia, hawakuipata utotoni. Kipimo chao ni tone la damu. Asiye na virusi wala kinga huchanjwa sindano tatu, na aliye navyo, ini likianza kuumia, huwekwa kwenye tenofoviri, dawa inayovizuia virusi visizaliane na kupunguza hatari ya saratani, huku akichunguzwa ini kwa ultrasaundi kila miezi 6.